Malibu ya 1972: shajara ya kuwasaka farasi waliopotea

Jumamosi, 23 Machi 2024

Gari limeshuka kwenye trela saa nne asubuhi, mbele ya nyumba yetu hapa Columbus, Ohio. Chevrolet Chevelle Malibu ya 1972, milango miwili, kijani kilichopauka kama jezi ya Yanga iliyofuliwa misimu kumi. Limewaka mara ya tatu, likatoa moshi kidogo, likaingia gereji lenyewe. Mama Neema alikuwa ameshaandaa simu apige picha ya wanaume wakisukuma. Amekosa.

Aliyeniuzia aliapa kwamba injini ina nguvu ya farasi 300, akanionyesha na nembo ya SS (Super Sport, toleo la kimichezo) kwenye grili. Mimi ni dereva wa lori, nimezoea kusoma karatasi kwanza ndipo nisikilize maneno. Mwaka 1972 nembo ya SS ilipatikana na V8 yoyote, yaani injini yoyote ya silinda nane, kwa hiyo haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni namba ya chasisi, pale chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Ni mwaka huohuo Chevrolet walipoanza kuweka herufi ya injini ndani ya namba hiyo, nafasi ya tano. Yangu inasomeka H: V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, yenye kabureta ya midomo miwili. Nimechungulia na nyuma ya bloku, inapoungana na giaboksi. Namba iliyochomoza kwenye chuma ni 3970010, ya 350 za miaka ile. Angalau si 307, V8 ndogo zaidi, iliyovalishwa nguo za kaka yake.

Na injini hiyo kiwanda kiliiandikia farasi 165. Si 300.

Hapa sitaki kumwita muuzaji mwongo, maana hesabu za zamani zenyewe zilikuwa na chumvi. Viwanda vya Marekani vilikuwa vikipima injini ikiwa uchi: iko juu ya stendi, haina eaklina, haivuti alteneta wala feni, ekzosi iko wazi. Kufika 1972 wakawa wanaandika nguvu ya injini iliyovaa kila inachovaa barabarani. GM, kampuni mama ya Chevrolet, mwaka 1971 waliandika namba zote mbili, ndipo ukweli unapoonekana: 350 ya midomo miwili ilikuwa farasi 245 kwa kipimo cha uchi na 165 kwa kipimo cha nguo. Injini ileile, bila kufungua bolti hata moja. Ni kweli mwaka huo wa 1971 GM walishusha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ili magari yameze petroli yenye risasi kidogo, lakini sehemu kubwa ya kilichopungua kwenye vitabu ni chumvi.

Nimemtumia Mjomba video. Ana gereji Gerezani, Dar es Salaam, ametengeneza Peugeot 404 na 504 tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hilo jahazi umelinunua au umeliokota?"

Kisha akawa makini. Akaniambia nisinunue kifaa chochote hadi nipime. "Mgonjwa haandikiwi dawa akiwa getini."

Jumamosi, 30 Machi

Kupima kompresheni. Injini imepashwa moto, plagi zote nane nje, kabureta wazi kabisa, kila silinda mizunguko mitano ya stata. Neema ndiye karani:

Silinda ya 1 PSI (ratili kwa inchi ya mraba) 148, ya 2 PSI 150, ya 3 PSI 145, ya 4 PSI 147, ya 5 PSI 150, ya 6 PSI 144, ya 7 PSI 118, ya 8 PSI 149.

Kwa Chevrolet hizi silinda zenye namba witiri ziko upande wa dereva, na ya 7 ni ile ya mwisho, imejificha karibu na ukuta wa kabini. Nikamimina kijiko kimoja cha oili ndani yake nikapima tena: 121. Ingekuwa ringi zimechoka, oili ingeziba na sindano ingepanda vizuri. Haikupanda, basi tatizo ni valvu. Nikapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, nikatega sikio huku na kule. Mluzi unasikika kwenye bomba la ekzosi. Valvu ya kutolea moshi haikai.

Nilishaanza kuhesabu gharama ya kufungua hedi, nikakumbuka kufungua kifuniko cha roka kwanza. Nati ya roka ya valvu ile ilikazwa na mtu mwenye hasira. Injini hii ina tapeti za oili: pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, unazungusha fito la kusukuma kwa vidole huku ukikaza nati taratibu, na pale ule ulegevu unapoisha unaongeza nusu mzunguko, basi. Huyu aliongeza hadi chuma kikagoma, valvu ikawa inakaa wazi uwazi wa unywele. Nimeilegeza, nikarekebisha zote 16. Silinda ya 7 sasa inasoma 141.

Nikamwambia Mjomba kwa furaha. Akauliza: "Kabla ya kulegeza ulilipima mwendo?" Sikulipima. "Basi hutajua kamwe ile nati ilikuwa imekula farasi wangapi." Amenishika.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo hakuna spana. Jua limepatwa. Ohio nzima ilikuwa barabarani kuelekea kaskazini-magharibi ambako giza lilikuwa kamili. Sisi tulibaki na kijisehemu cha jua kama ukucha, na kuku wa jirani walirudi bandani.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya kupima mwendo. Asubuhi nililipitisha kwenye mizani ya malori, mahali ninapopima mzigo kila wiki. Aliye dirishani alitazama gari, akanitazama mimi, akacheka. Pamoja na mimi mwenyewe na nusu tangi: ratili 3,720.

Jioni nikaenda National Trail Raceway, Hebron, mwendo mfupi mashariki mwa Columbus. Ni mstari ulionyooka wa robo maili. Unapanga foleni na watu wa kila aina, kijana mwenye Honda, bibi mwenye Corvette, taa zinashuka, unakanyaga. Mwishoni unapewa kikaratasi. Changu: sekunde 17.41, kasi ya mwisho maili 78.4 kwa saa.

Watu hutazama sekunde. Kwa anayetafuta nguvu ya injini, kasi ya mwisho ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu tairi zikiteleza au ukichelewa kuondoka sekunde zinaharibika sana na kasi inaguswa kidogo tu. Kanuni ya wapenda mbio ni hii: gawanya kasi kwa 234, jibu lipandishe kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa uzito wa gari katika ratili. Vipeo ndivyo Neema anavyosoma shuleni sasa hivi, nikampa kazi hiyo kwenye meza ya jikoni.

78.4 kwa 234 ni 0.335. Kipeo cha tatu ni 0.0376. Mara 3,720.

"Baba, ni 140."

Kanuni hiyo ni ya kukadiria, haishindani na mashine ya maabara. Lakini ukiitumia gari lilelile, mizani ileile na uwanja uleule, inakwambia umesogea au umerudi nyuma. Kwa hesabu hiyohiyo, farasi 165 wa kiwandani wangenifikisha karibu maili 83. Kwa hiyo kuna farasi 25 waliokimbia zizini, na kazi yangu ya kwanza ni kuwarudisha hao. Wale 300 wa muuzaji watasubiri.

Jumapili, 21 Aprili

Hesabu moja zaidi kabla ya safari ya Texas, maana itaamua mradi mzima.

Nguvu ya farasi ni torki (nguvu ya kuzungusha) mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 5,252. Kiwanda kinasema injini hii ina torki ya juu ratili-futi 280 kwenye mizunguko 2,400, na farasi 165 kwenye 4,000. Ukirudi nyuma kwa hesabu, kwenye 4,000 torki imebaki kama 217. Imeporomoka. Bloku haina kosa hapo. Injini imekosa pumzi: kabureta ndogo, njia za hewa kwenye hedi nyembamba, kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya upole, ekzosi ya bomba moja. Ni kama mtu anayekimbia huku anapumua kwa mrija wa soda.

Sasa, kama ningeweza kuifanya ishike 280 ileile hadi mizunguko 4,800, bila kuongeza torki hata chembe, ingekuwa 280 mara 4,800 gawanya 5,252. Farasi 255 na ushei. Nimeiandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa gereji.

Jumamosi, 4 Mei

Leo ndiyo siku niliyojifunza kutoamini alama.

Nilikuwa nimeweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa taa: digrii 8 kabla ya pistoni kufika juu. Taa inasema 8, gari linavuta kama punda aliyefiwa. Geji ya vakyumu inasoma inchi 15 za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, wakati injini nzima ya aina hii hukaa 18 na zaidi.

Puli ya mbele ya krenki kwenye gari hili si kipande kimoja. Kuna kitovu cha chuma, halafu ukanda wa mpira, halafu ringi nzito ya nje, na kazi yake ni kumeza mtikisiko wa krenki. Alama ya taimingi imechorwa kwenye ringi ya nje. Mpira wa miaka 52 ukichoka, ringi inateleza pamoja na alama yake, na taa yako ya taimingi inamulika uongo.

Njia ya kujua ni ya kizamani na haihitaji kitu cha gharama. Nilitoa plagi ya silinda ya 1 nikafunga bolti ndefu yenye ncha ya mviringo ndani ya tundu lake, ili pistoni ikipanda igonge kabla ya kufika juu. Nikazungusha krenki kwa mkono, polepole, hadi ikagonga. Nikachora mstari kwenye puli mkabala na kibao cha digrii. Nikarudisha nyuma hadi ikagonga tena kutoka upande wa pili, mstari mwingine. Juu kabisa ya kweli ni katikati ya mistari hiyo miwili, haina ubishi.

Puli yangu ina kipenyo cha inchi 6¾. Mzingo wake ni kama milimita 539, ugawanye kwa 360, kila digrii ni milimita 1.5. Nikaweka kamba ya kupimia kati ya alama ya kiwanda na katikati niliyoipata: milimita 13 na nusu.

Digrii 9. Taa iliposema 8 kabla ya juu, cheche ilikuwa inaruka digrii 1 baada. Pistoni imeshaanza kushuka ndipo moto unawashwa nyuma yake. Nimekaa chini kwenye ndoo nikaitazama ile milimita 13 na nusu kwa muda. Nikawaza wote waliowahi kuliendesha gari hili wakiamini Malibu ni zito tu.

Jumapili, 5 Mei

Puli mpya imefungwa, na juu kabisa imehakikiwa tena kwa bolti ileile. Nikakata ukanda wa karatasi wa milimita 54, sawa na digrii 36, nikaubandika kwenye puli kwa gundi.

Distribyuta bado ni ya pointi na kondensa, na kibati chake cha dirisha kinachopanda juu ili uingize ufunguo mdogo na kurekebisha pointi injini ikiwa inanguruma. Mjomba alipoona video ya kidirisha hicho alinyamaza sekunde kadhaa, kisha akasema, "Wazungu hawa. Sisi tulikuwa tunafungua Peugeot nzima, tunapima kwa karatasi ya sigara." Chini ya rota, vizito vya kusogeza taimingi vilikuwa vimeshikwa na kutu, kimoja hakisogei kabisa. Nimesafisha, nikapaka grisi kidogo, nikaweka springi mpya.

Nimeziba bomba la vakyumu, nikapandisha injini hadi mizunguko 3,000, nikageuza distribyuta hadi mwisho wa ukanda wangu ukasimama kwenye sifuri. Digrii 36 zote kwa jumla. Nikakaza. Sailensa imetulia, na geji inasoma inchi 18 na nusu.

Jumanne, 14 Mei

Nimerudi na lori jana usiku. Leo nilimwomba Mama Neema akanyage mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mimi nikimulika kabureta kwa tochi.

"Umekanyaga?"

"Nimekanyaga, Baba Neema."

"Hadi chini?"

"Nitoboe sakafu?"

Vipepeo vya kabureta vilikuwa vimesimama robo tatu. Nikazunguka hadi mlangoni. Chini ya zulia kulikuwa na zulia lingine, na chini ya hilo gazeti lililokunjwa, na pedali ilikuwa inagonga huo mkeka wote kabla haijafika mwisho. Nimetoa kila kitu, nikasogeza na kishikio cha kebo kidogo. Sasa vipepeo vinasimama wima.

Gazeti nimelihifadhi. Limeharibika halisomeki, ila lina tangazo la friji.

Jumamosi, 1 Juni

Mizani: ratili 3,715. Uwanjani, joto kama nyuzi 26 jioni. Sekunde 16.60, maili 82.1.

Neema: "160."

Kwa puli, plagi, pointi na gazeti lililotolewa. Farasi 20 wamerudi, na sijaongeza kitu chochote ambacho kiwanda hakikuweka.

Jumamosi, 22 Juni

Sasa zamu ya pumzi. Nimeamua kutumia hedi za malori na vani za Chevrolet za 1996 hadi 2000, zile zinazoitwa Vortec. Mafundi wa hapa wanazipenda kwa sababu njia zake za hewa ni bora kuliko hedi nyingi za zamani na zinapatikana kwenye yadi za magari chakavu. Zina na faida ya pili. Kila silinda yangu inafagia sentimita za ujazo (cc) kama 717. Kompresheni ya 8.5 kwa moja ina maana nafasi inayobaki juu ni kama cc 95.5. Chumba cha hedi zangu za zamani ni cc 76, cha Vortec ni 64. Toa 12, inabaki 83.5, na kompresheni inapanda hadi karibu 9.6. Bila kugusa pistoni.

Hasara zake: manifoldi ya zamani haiingii, maana Vortec zina bolti nne zilizosimama wima kila upande badala ya sita. Vifuniko vya roka navyo ni vingine, vinafungwa katikati. Na springi zake za kiwandani hazivumilii kamshafti ya kunyanyua juu sana.

Jumatano, 10 Julai

Hedi za kwanza nilizonunua kwenye yadi zimekufa. Karakana ya kuchonga injini wameziosha na kuzipima kwa sumaku, moja ina ufa mwembamba kati ya viti viwili vya valvu. Muuzaji anasema "hazirudishwi". Wiki mbili zimekwenda. Jozi ya pili imepita kipimo, na safari hii nililipa baada ya kupima.

Kabureta: inchi 350 mara mizunguko 5,500 gawanya 3,456 ni futi za ujazo 557 kwa dakika, na injini ya barabarani hujaza kama asilimia 85 tu ya hiyo, yaani 473. Kijana wa dukani alitaka kuniuzia ya 750. Nimechukua Holley ya 600, midomo minne, ile ambayo midomo ya nyuma inafunguliwa na vakyumu kadiri injini inavyohitaji.

Kamshafti ni ya wastani, valvu zinanyanyuka inchi 0.465 upande wa moshi, ndani ya uvumilivu wa springi. Ekzosi mabomba mawili ya inchi 2¼.

Jumamosi, 27 Julai

Leo nimejiaibisha.

Kamshafti mpya ya tapeti bapa ina masharti kama mwali. Oili yenye zinki ya kutosha, grisi maalumu kila jino, na injini inatakiwa iwake mara moja, ipande papo hapo hadi mizunguko 2,000 na zaidi, ikae huko dakika 20 bila kushuka sailensa. Ukiistatisha muda mrefu bila kuwaka, grisi inafutika na kamshafti inaliwa kabla haijafanya kazi.

Nikageuza ufunguo. Mlipuko. Moto ukatoka kwenye kabureta, nusu mita. Nyusi zangu zipo, namshukuru Mungu. Nikajaribu tena, mlipuko. Nikaacha.

Injini huzungusha krenki mara mbili kwa kila cheche ya silinda moja, kwa hiyo pistoni ya 1 hufika juu mara mbili, na mara moja tu kati ya hizo ndiyo ya kompresheni. Mimi nilipanga distribyuta kwenye ile nyingine. Imegeuka nusu duara kamili. Mjomba alicheka hadi simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka. "Mjomba, hilo kila fundi hulifanya. Mara moja."

Nikaing'oa, nikaziba tundu la plagi kwa kidole, Neema akabofya stata hadi hewa ikasukuma kidole, nikapanga upya. Ikawaka mara moja. Dakika 20 za kelele, jirani mzee akatoka na kiti chake akaja kukaa kama yuko sinema. Baadaye nikamwaga oili nikapasua kichujio na kukikunjua: vumbi la kijivu la kawaida, hakuna vipande vinavyong'aa.

Taimingi 36. Petroli sasa ni ya okteni 93, pochi imeshasikia.

Jumamosi, 17 Agosti

Ratili 3,690, hedi ni za chuma kama za zamani ila manifoldi mpya ni alumini. Nyuzi 32, jasho hadi kwenye usukani. Nimeishikilia gia ya pili kwa mkono hadi mstari wa mwisho.

Sekunde 15.20. Maili 93.1.

Neema hakuhitaji tena kuambiwa. "Baba, 232." Akatazama ukuta wa chaki tuliporudi. "Wamebaki 23."

Jumapili, 18 Agosti

Mtuhumiwa wangu alikuwa kabureta. Kuna hila: unabana kibanio cha karatasi kwenye fito linalofungua midomo ya nyuma, unakanyaga barabarani, unasimama na kutazama kimesukumwa wapi. Kilisukumwa karibu nusu. Nikaagiza seti ya springi nyepesi usiku uleule.

Asubuhi nikafanya hesabu ambayo ningeanza nayo. Kwenye mizunguko 5,000 injini hii inahitaji kama futi 430. Midomo ya mbele inatoa 300. Zinabaki 130 kati ya 300 za nyuma, chini kidogo ya nusu. Kibanio kimesimama pale kinapopaswa kusimama. Kabureta hana hatia.

Kisha hewa. Uwanja uko karibu futi 900 juu ya bahari, na jana ilikuwa nyuzi 32. Hewa nyembamba na ya moto hivyo hunyang'anya injini kama asilimia 6. Wale 232 siku ya baridi pwani wangekuwa karibu 247. Nikarekebisha na za nyuma ili haki itendeke: 140 za Aprili zinakuwa kama 144, 160 za Juni kama 168. Pengo la 255 limebaki 8, na kanuni yenyewe inaweza kukosea kiasi hicho bila aibu.

Lakini kikaratasi kina kitu kingine. Farasi 232 kwa ratili 3,690 walitakiwa kumaliza kwa sekunde 14.6, sisi 15.2. Nguvu ipo, kuondoka hakuna. Difu ni 2.73, ya kusafiria barabara kuu. Kwa tairi za inchi 26, maili 93 kwenye gia ya tatu ni mizunguko 3,280, kwenye ya pili ni kama 4,990.

Nilimpigia Mjomba. Alisikiliza hesabu yote.

"Kwa hiyo giaboksi ina gia ngapi?"

"Tatu, Mjomba."

"Na wewe uwanjani umetumia ngapi?"

Springi ziko kwenye boksi lake, sijafungua. Jumatatu nitazirudisha, halafu nina mzigo wa Laredo.